Blaenau Gwent 2005: wanawake pekee, au amri kutoka juu?

Tangu 1918, mabonde haya ya makaa ya mawe na chuma kusini mwa Wales yalikuwa ngome ya chama cha Labour cha Uingereza. Jimbo likiitwa Ebbw Vale, lilimpeleka bungeni Aneurin Bevan, mwasisi wa Huduma ya Taifa ya Afya, kuanzia 1929 hadi alipofariki 1960. Akafuata Michael Foot. Mwaka 1983 mipaka ikachorwa upya, likazaliwa Blaenau Gwent, na mwaka 2001 Labour bado iliongoza kwa kura 19,313.

Mbunge Llew Smith alipoamua kung'atuka kabla ya uchaguzi mkuu wa Uingereza wa 2005, chama kikaagiza wanaogombea uteuzi wawe wanawake pekee. Peter Law, aliyekuwa tayari anawakilisha eneo hilo katika Bunge la Wales (si lile la Uingereza), akakihama chama na kusimama kama mgombea binafsi. Akiwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa uvimbe kwenye ubongo, alimbwaga Maggie Jones wa Labour kwa tofauti ya kura 9,121.

Waliotetea utaratibu ule wana hoja nzito. Tangu wanawake waruhusiwe kugombea ubunge 1918 hadi kabla ya uchaguzi wa 1997, Wales nzima ilikuwa imechagua wanne tu. Kwenye ngome, mwenye tiketi ya chama ndiye mbunge, kwa hiyo matawi yakiachiwa yachague yatakavyo, wanaume watapeana zamu mpaka lini?

Hata hivyo, kilichowaudhi wenyeji kilikuwa kuamuliwa. Kiwanda cha chuma cha Ebbw Vale kilikuwa kimefungwa 2002, kisha hata mgombea wao akapangwa kwa masharti ya wakubwa. Anayedai walimkataa Jones kwa sababu ni mwanamke atueleze ya 2006: Law alipofariki, mjane wake, Trish Law, alishinda kiti chake katika Bunge la Wales, naye bila chama. (Jina la marehemu lilimbeba, sibishi.) Kwa maoni yangu lengo la Labour lilikuwa sahihi, kosa lilikuwa kudhani ngome haina wenyewe.

Mwaka 2010 Nick Smith alilirudisha jimbo Labour. Mwaka 2024, majimbo ya Wales yalipopunguzwa kutoka 40 hadi 32, Blaenau Gwent likaunganishwa na Rhymney. Mpaka linafutwa, halikuwa limewahi kupeleka mwanamke Westminster, yaani Bunge la Uingereza.