Wasiwasi si wa sabuni tu

Ukitaja OCD, ugonjwa wa akili wa mawazo yanayong'ang'ania na vitendo vya kurudiarudia, hapa Tanzania watu wanamfikiria Mkuu wa Polisi wa Wilaya, ambaye naye huitwa OCD. Nilipomwambia mjomba, "Daktari kasema nina OCD," alishtuka: "OCD anakutafutia nini?" Ilinichukua nusu saa kumweleza kwamba hakuna kesi.

Baadaye nikagundua kwamba jina lenyewe tulikuwa nalo siku zote. Watu wa pwani huuita ugonjwa huu wasiwasi. Siuzungumzii ule wa kusubiri matokeo ya mtihani, bali ule wa mzee mmoja wa mtaa wetu aliyekuwa akitawadha bombani, nje ya msikiti. Mkono wa kulia, anafika kiwikoni, anasita, anautazama, anaanza upya. Sunna ni mara tatu; yeye alifika kumi, na ndani wenzake wameshasujudu. Vidole vyake vilikuwa vyeupe, vimechanika kwenye viungo. Sisi watoto tulikuwa tukimhesabia kwa sauti. Leo nikikumbuka naona haya.

Tatizo ni kwamba mzee yule ndiye pekee tunayemtambua. Muuguzi mmoja aliwahi kuniuliza, kwa nia njema kabisa, "Sasa wewe mbona mikono yako mizima?" Kana kwamba ugonjwa huu ni wa sabuni.

Mwaka 1989 wataalamu wa Marekani walitoa kipimo cha OCD kinachoitwa Yale-Brown, chenye orodha ndefu ya dalili. Wengine wakaichukua orodha hiyo wakauliza swali rahisi: dalili ipi hutembea na ipi? Zikaanza kujipanga zenyewe. Hofu ya uchafu hufuatana na kuosha. Kutaka vitu vilingane hufuatana na kupanga, kuhesabu na kurudiarudia. Mawazo ya kutisha, yawe ya kudhuru, ya ngono au ya kukufuru, yana kundi lake. Kulikuwa pia na kulimbikiza vitu, lakini mwaka 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliitenga tabia hiyo kama ugonjwa unaojitegemea, nami naona walifanya vema.

Kundi la ulinganifu hushangaza kwa sababu mara nyingi halina hofu ndani yake. Nina binamu ambaye hawezi kuingia ndani kabla hajazipanga kandambili zote za mlangoni, visigino vikigusa mstari wa sakafu. Ukimuuliza anaogopa nini, anasema haogopi kitu: "Bado hazijakaa." Basi. Aina hii huelekea kuanza mapema utotoni, na mara nyingi huandamana na kukonyezakonyeza macho au kutikisa shingo bila kukusudia.

Mimi ni wa kundi la mawazo. Lilinianza kwenye kivuko cha Kigamboni. Mbele yangu amesimama mama na mtoto mgongoni, na kichwani mwangu ikapita: wasukume. Nikarudi nyuma hadi nikagota gari la mtu. Tangu siku hiyo nikawa navuka nimekaa, mikono nimeikalia. Nikifika ng'ambo naanza kujikagua: je, kuna aliyepiga kelele? Je, niligusa mtu? Usiku naipitia safari yote upya, hatua kwa hatua, na nikikosea hatua moja naanza mwanzo. Huko ndiko kunawa kwangu. Hakuna anayekuona, hata mkeo.

Mwaka 1978 watafiti Rachman na de Silva waliwauliza watu wasio na ugonjwa wowote kama mawazo ya namna hii huwajia. Wengi wao wakasema ndiyo. Waislamu tuna hadithi ya maswahaba waliomlalamikia Mtume kwamba huwajia mambo ambayo ni mazito mno kuyatamka, naye akawaambia hiyo ndiyo imani halisi. Yaani lile chukizo lenyewe ni ushahidi kwamba hulitaki jambo hilo. Ningelisikia hilo nikiwa na miaka 20 badala ya 34, ningeokoa nauli nyingi za bajaji za kuzungukia daraja la Nyerere siku nilizokikwepa kivuko.

Sasa fikiria mama aliyejifungua juzi, anaficha visu vya jikoni na hathubutu kubaki peke yake na mwanawe. Atamwambia nani? Akisema, ataambiwa ana jini, au atanyang'anywa mtoto. Mtu wa aina hii hasemi mpaka aulizwe, na anayeuliza lazima ajue kwamba kundi hili lipo. Swali la "unanawa sana?" halitamfikia kamwe.

Makundi haya hayana kuta, lakini. Wengi huwa na mawili kwa pamoja. Kurudi kuangalia kufuli mara nane huweza kukaa na ulinganifu, au na hofu kwamba nyumba ikiungua mimi ndiye muuaji.

Tiba ina msingi mmoja: ukabili kinachokutisha, kisha usifanye kile kinachokutuliza. Mnawaji hashiki maji. Mimi nasimama kivukoni, na usiku sipitii chochote. Dawa ni baadhi ya zilezile za sonona, mara nyingi kwa dozi kubwa zaidi, na majibu huweza kuchukua wiki 8 hadi 12. Mafakihi, wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, nao wana kanuni yao, yakini haiondolewi na shaka, na mtu wa wasiwasi huambiwa aipuuze shaka yake aendelee na swala. Mzee wetu hakukosa kanuni. Alikosa wa kukaa naye pale bombani.

Juzi nilivuka nimesimama, karibu na mnyororo wa mbele, mikono nje. Moyo ulikuwa ukidunda hadi Magogoni. Mjomba alipiga simu jioni: "OCD hajambo?" Nikamwambia leo kaniachia kwa dhamana.