Msimsahau Stafford Cripps

Makala yenu inasema wakili wa kesi za biashara aliyezaliwa kwenye ukoo wa kibwanyenye hawezi kuujua uchungu wa mfanyakazi. Mimi nakataa, na shahidi wangu ni Stafford Cripps, wakili na mwanasiasa wa Uingereza, baba yake Peggy aliyeolewa na mwanasiasa Joe Appiah wa Ghana.

Alizaliwa 1889. Baba yake, wakili pia, alipewa ubaroni akaitwa Lord Parmoor. Kijana alisomea kemia kwanza, University College London, kisha akaingia uwakili 1913. Kemia hiyo ndiyo iliyomlisha: kwenye kesi za hataza, yaani haki za wavumbuzi, na za makampuni hakuhitaji mtu wa kumweleza mtambo unavyofanya kazi. Ada zake zilikuwa nono.

Lakini Septemba 1934 mgodi wa makaa wa Gresford, Wales Kaskazini, ulilipuka ukaua watu 266. Wengi hawakutolewa kamwe; shimo lilizibwa wakiwa humo humo. Cripps aliwasimamia wachimbaji kwenye uchunguzi bila kudai malipo. Aliwabana wakubwa wa mgodi swali kwa swali, kwa ujuzi uleule aliouzoea kwenye kesi za matajiri, na ikabainika kwamba kumbukumbu za vipimo vya hewa zilighushiwa. Kila nikifikiria hilo la hewa, moyo unaniuma. Wale watu walishuka zamu ya usiku wakiamini kuna aliyepima.

Mwaka 1937 mahakama iliwatoza wakubwa wa mgodi faini. Pauni 140.