Kilalio cha mtoto kikitangazwa hatari: kirekebishwe au kivunjwe?

Aprili 2019 Fisher-Price, kampuni ya bidhaa za watoto, iliwataka wateja waache kutumia Rock 'n Play, kilalio cha watoto wachanga chenye mwinamo wa nyuzi 30. Vilikuwa vimeuzwa karibu milioni 4.7, na vifo zaidi ya 30 vimesharipotiwa. Januari 2023 wito huohuo ulitolewa upya: vifo vimekaribia 100, na angalau 8 vilitokea baada ya tangazo la kwanza.

Ni rahisi kuwalaumu wazazi. Lakini aliyekaa nacho zaidi ya miezi 6 aliahidiwa vocha tu, si fedha taslimu. Kilimlaza mtoto wa kwanza bila shida, wa pili yuko njiani. Wengi wataona afadhali kukiweka stoo.

Ndiyo maana wapo wanaotetea marekebisho: watu huona uvivu kurudisha kitu kizima, ila ukiwapa kipuri watakifunga. Kwa kabati la droo, hoja hiyo ina uzito. Mwaka 2016 IKEA, kampuni ya samani, ilitangaza kuwa makabati milioni 29 nchini Marekani ni hatari, yakiwemo ya aina ya Malm, na mteja akachagua: arudishiwe fedha au apewe vifungio vya ukutani bure. Mtoto akivuta droo mbili tatu kisha akazikanyaga kama ngazi, uzito unahamia mbele ya miguu ya kabati, nalo linamwangukia. Kifungio kinalizuia, mradi skrubu imeingia kwenye mhimili wa mbao, au kwenye tofali kwa plagi ya skrubu inayoitosha. Ikishika jipsamu peke yake itachomoka. Tena ukihama, kifungio mara nyingi hubaki ukutani na kabati linaondoka na hatari yake.

Kilalio hakina kipuri cha kukiponya, kwa sababu kasoro ni mwinamo wenyewe. Kichwa cha mtoto mchanga ni kizito na shingo haijakaza. Kidevu kinashuka kifuani, njia ya hewa inabanwa, na hakuna kilio cha kukuamsha. Sheria ya Marekani ya 2022 ilipiga marufuku vilalio vinavyozidi nyuzi 10. Hapa siwezi kuwaunga mkono wa marekebisho.

Kabla ya kuvunja, kigeuze. Lebo huwa chini ya kiti, kwenye fremu, au imeshonwa ndani ya kitambaa. Linganisha namba ya modeli na tarehe ya kutengenezwa na zile zilizo kwenye tangazo. Rangi haikuambii kitu, na wakati mwingine ni toleo moja tu lenye kasoro. Piga picha lebo, usome kampuni inataka ushahidi gani: wengine hutaka picha, wengine kipande cha fremu. Ndipo ukate kitambaa na mikanda na kutenganisha fremu. Ukikiacha kizima kando ya pipa, kuna atakayekiokota, na huyo tangazo halitamfikia: kadi ya usajili, kama ilijazwa, ina jina la mnunuzi wa kwanza.

Wanaopinga kuvunja wana neno moja ambalo sijaona likijibiwa vizuri. Tangazo husema acha kutumia mara moja, lakini swali la mzazi ni mtoto alale wapi usiku huo. Godoro gumu, tambarare, lisilo na mito wala blanketi zilizolegea, mtoto akilazwa chali, ni salama kuliko kilalio hicho. Kwenye tangazo, sentensi hiyo ilistahili kuwekwa juu ya maelezo ya vocha.