Sufuria ya Waziri

Mbwa wangu anaitwa Waziri. Jina alipewa na marehemu baba, siku ile ile mdogo huyu alipoletwa nyumbani kwetu Katuba ndani ya kikapu cha nyanya. Alikula, akalala, akaamka, akala tena, kisha akawabwekea watu waliomlisha. Baba akasema huyu hahitaji kutafutiwa jina, kazi yake inajulikana.

Ni mbwa wa kilo tano, mweupe, miguu mifupi, mama yake anajulikana na baba yake ni siri ya mtaa. Ukija Lubumbashi mwezi wa saba, vumbi jekundu likiingia hadi kwenye sukari, utamkuta ameketi katikati ya lupangu, yaani uani, anajikuna. Mwaka ule alijikuna kupita kiasi. Alilamba vidole mpaka manyoya meupe yakawa na rangi ya kutu. Masikio yalinuka mkate uliochacha. Makalio aliyasugua kwenye mkeka wa sebuleni, na siku aliyochagua kufanya hivyo tulikuwa na mchungaji.

Ushauri haukukosekana. Jirani fundi wa magari alileta oili chafu ya injini kwenye chupa, nimpake mwili mzima. (Tafadhali msipake mbwa oili ya injini. Akijilamba anaimeza.) Mama yeye hakuona tatizo: "Imbwa inajikuna, njo kazi yake."

Nikampeleka kwa daktari wa mifugo, kijana mpole. Kwanza alimchana kwa kitana chenye meno ya karibu kutafuta viroboto, maana kwa mbwa mwenye mzio, alerji kama tunavyosema, hata kiroboto mmoja anatosha kumkosesha usingizi wiki nzima. Akampa dawa ya viroboto, akamsafisha kuvu masikioni, akamvisha shingoni koni ya plastiki ili asijitafune. Halafu akaanza kunihoji kama polisi.

"Amekula nyama gani tangu azaliwe?"

Nikahesabu. Ng'ombe, mifupa yake kila Jumapili. Kuku. Mbuzi wa Noeli. Sikio la nguruwe, aliiba. Samaki, vichwa vyote vya mtaa. Maziwa ya unga, mkate, mayai.

Daktari akashusha kalamu. Akaeleza kwamba vipimo vya damu vya mzio wa chakula kwa mbwa haviaminiki, njia ni moja tu: wiki nane za nyama ambayo hajawahi kuigusa pamoja na wanga wa aina moja, bila tone la kitu kingine. Akipona, unamrudishia vyakula vya zamani kimoja kimoja mpaka mchawi ajulikane. Washukiwa wakubwa kwa mbwa ni nyama ya ng'ombe, maziwa, kuku na ngano. Kwa maneno mengine, menyu ya Waziri.

"Hakuna nyama ambayo hajala?"

Nikafikiri sana. "Vinkubala," nikasema.

Hivyo hajawahi kuvigusa kwa sababu mama anavifungia kabatini na ufunguo analala nao. Kwetu Katanga viwavi hao wakikaushwa vizuri bei yao inaipita nyama ya ng'ombe. Daktari akacheka, kisha akaacha kucheka. Akasema wadudu wana protini ya kutosha, tujaribu, ila nijue kwamba protini zao zinafanana kidogo na za wale wadudu wadogo sana wa vumbi wanaoishi kwenye magodoro. Akizidi kujikuna nimpigie simu mara moja.

Basi mshahara wangu ukaanza kuliwa na mbwa. Vinkubala vilivyolowekwa na kuchemshwa bila chumvi, bila mafuta, pamoja na viazi vitamu. Sufuria yake peke yake, mwiko wake peke yake. Godoro lake likafuliwa kwa maji ya moto kila wiki. Kila akitoka nje alirudi moja kwa moja kwenye beseni, nikamwosha vumbi miguu yote minne na kumkausha katikati ya vidole. Mama alisema hata mitume siku ya Alhamisi Kuu walioshwa miguu mara moja tu. Juu ya kifuniko nikabandika karatasi kwa herufi kubwa: WAZIRI. MTU ASIGUSE.

Wiki ya tano manyoya yalianza kurudi. Wiki ya tano hiyo hiyo tantini, shangazi yangu, akafika kutoka Likasi.

Tantini wetu ni mtu wa shughuli. Haulizi jina la mbwa, kwake mbwa ni mbwa. Alipoingia akaitazama koni, akapiga makofi mara moja: "Mama yangu! Iyi imbwa imevaa abajuru ya taa?" Akapita kwenda jikoni. Mimi nilikuwa kazini, mama kwenye mazoezi ya kwaya. Nyumbani alikuwepo mtoto wa yaya yangu, yaani ndugu yangu mkubwa, miaka sita, ambaye hajawahi kusema uongo, na hilo ndilo lililotuponza. Mazungumzo yao nilikuja kusimuliwa baadaye, mara nyingi, na kila mmoja akilaumu mwenzake.

"Iyi sufuria ni ya nani?"

"Ya Waziri."

"Waziri anakulaka hapa?"

"Kila siku. Saa kumi na mbili njo anakulaka."

Tantini akafunua. "Vinkubala bila chumvi?"

"Docta alimukatalia chumvi. Na mafuta. Na nyama ya ng'ombe, ikimuingia anajikuna."

Tantini akaelewa kabisa. Wakubwa wote madaktari wamewakatalia chumvi, ni presha na sukari. Lakini kumpa mheshimiwa vinkubala vya kuchemsha kama mfungwa, hapo aliona aibu ya ukoo mzima. Akakata vitunguu vitatu. Nyanya, mafuta, pilipili kidogo. Chumvi aliheshimu daktari, akatia nusu. Kisha akatuma watu sokoni Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, wanunue kuku wawili.

Nilirudi saa kumi na moja na nusu. Lupangu limefagiwa na kunyunyiziwa maji. Viti vya plastiki vimepangwa, na juu yake wameketi watu kumi na wanne ninaowafahamu, wamevaa nguo za kanisani. Tantini amefunga kikwembe kipya. Mzee wetu mmoja, mstaafu, alikuwa ameshika bahasha ya kaki kifuani kwa mikono miwili. Madai yake ya pensheni, miaka ya kusubiri imo mle ndani.

"Waziri yako amechelewa," tantini akaniambia.

Nikamtafuta mbwa kwa macho. "Hapana, yuko hapa. Amelala nyuma ya mlango."

Watu kumi na wanne wakasimama.

Sijui jinsi ya kueleza kimya kilichofuata, mbwa mwenye koni alipotoka nyuma ya mlango akijinyoosha. Mtoto akasema kwa furaha, "Waziri, chakula!" Na Waziri, ambaye kwa jina lake haitikii ila kwa chakula ndiyo, akaja mbio akapita kati ya miguu ya wageni mpaka mbele ya tantini, aliyekuwa ameshika sahani yake.

Hapo nikanusa vitunguu.

Kitunguu kwa mbwa ni sumu, kibichi au cha kupikwa, kinaharibu damu yake. Nikaruka, nikapokonya sahani mikononi mwa shangazi yangu wa damu, mbele ya wageni, nikapiga kelele, "Ataniulia mbwa wangu!" Tantini naye akapiga kelele, kwamba amepika tangu saa nane kwa ajili ya imbwa, na kwamba ameonja mara nne. Jirani fundi akauliza kama oili ilisaidia. Mama akarudi kutoka kwaya, akaona vinkubala vyake, maana kumbe tantini alikuwa ameongeza vya kabatini ili vitoshe, na ndipo kelele zikawa kelele kweli.

Katikati ya hayo hakuna aliyekuwa akilinda kuku.

Walikuwa wamekaangwa, wanasubiri mchuzi, kwenye sinia juu ya stuli. Tulipogeuka, Waziri alikuwa anatoka jikoni taratibu, kichwa juu, na ndani ya koni ya daktari kulikuwa na mapaja mawili na kifua. Alikuwa ameigeuza kuwa karai. Anakula anatembea.

Daktari alipokea simu akanyamaza kidogo. Akauliza kama kuku alishatiwa kitunguu. Bado. Akaniambia nimwangalie kwa mifupa, akitapika au akishindwa kwenda haja nimlete usiku huo huo. "Na kuku mwenyewe ndiyo basi, jaribio umeshalianza. Hesabu siku kumi na nne."

Vinkubala tulivila sisi, na bukari, ugali wetu, wote pamoja na mtoto. Vilikuwa vitamu, siwezi kumnyima tantini haki yake. Waziri alikuwa na msokoto wa tumbo siku mbili, basi. Siku kumi na nne hakujikuna. Kuku akaachiwa huru. Tulimaliza wiki nane, nikampa kipande cha ng'ombe ukubwa wa kidole gumba, na kesho yake jioni alikuwa ameketi katikati ya lupangu anatafuna miguu, masikio mekundu. Sasa anakula kuku na viazi, na kiangazi beseni halikosi mlangoni, kwa sababu vumbi nalo halijamsamehe.

Ile bahasha ya kaki mzee aliisahau kwenye kiti siku ile, katika vurugu. Tuliiweka sebuleni tumrudishie, Waziri akaigeuza kitanda. Alipopita wiki iliyofuata nilimwomba radhi, nikainama kumwondoa mbwa.

"Iache tu, mutoto yangu," mzee akasema. "Na bale baingine bananilaliaka ile ile."