Uvimbe kwenye mrija wa nyongo, upasuliwe kabla ya jibu la kinyama au tusubiri?

Mtu macho yamekuwa ya njano, mkojo mweusi, choo cheupe, anajikuna usiku kucha na tumbo wala halimuumi, akipigwa MRI inaonekana mrija wa nyongo umebanwa pale unapotokea kwenye ini. Hapo daktari anawaza kansa, ile ya eneo alilolielezea daktari Klatskin mwaka 1965, na mara nyingi yuko sahihi. Ila si mara zote, na ugomvi wote unaanzia hapo.

Manake kuna vimbe adimu zinazofanana nayo kabisa kwenye picha. Kuna uvimbe wa nyuroendokrini (wa seli zinazotoa homoni), kuna wa papilari unaoota ndani ya mrija na kumwaga ute mpaka umanjano unakuja na kuondoka, kuna hata wa seli za chembechembe ambao kwa kawaida si kansa. Halafu kuna kolanjaitisi ya IgG4 (mirija ya nyongo kuwaka na kunenepa; IgG4 ni aina ya kingamwili inayopimwa kwenye damu), hiyo wala sio uvimbe, ni kinga ya mwili imechafuka, na steroidi zinaweza kuituliza ndani ya wiki chache tu bila kisu.

Sasa wanaosema tusubiri kinyama, yaani kipande au seli za uvimbe zipimwe maabara kwanza, wana hoja nzito. Operesheni ya eneo hili sio mchezo, mara nyingi unakata na sehemu kubwa ya ini, na kwenye ripoti nyingi za nchi za Magharibi vifo ndani ya siku 90 vinakaribia 10%. Na katika waliopasuliwa kwa kushukiwa kansa, ripoti nyingi zinataja 5 hadi 15% ambao maabara haikukuta kansa. Fikiria umempoteza mtu ambaye vidonge vingemtosha, hiyo inauma sana.

Upande wa pili nao, kinyama chenyewe hakiaminiki hivyo. Ukipitisha brashi kwa ERCP (kamera inayopitishwa mdomoni kufikia mrija wa nyongo), kati ya watu 10 wenye kansa kweli unaikamata kwa wanne au watano hivi, kwa hiyo jibu la "hatujaona kansa" halimaanishi haipo, na unarudia, na stenti (kibomba cha kuachanisha mrija) inaziba, homa inapanda, wiki zinakatika. Sindano ya kupitia tumboni ndo mbaya zaidi, inaweza kumwaga seli njiani, na vituo vinavyofuata utaratibu wa hospitali ya Mayo Clinic ya Marekani wa kupandikiza ini havimpokei mtu aliyechomwa hivyo. CA 19-9, kipimo cha damu cha kuashiria kansa, nayo hupanda kwa sababu tu nyongo imeziba.

Mimi naegemea kwa wapasuaji, lakini kwa masharti. Uvimbe ukiwa unatolewa wote, IgG4 imepimwa na picha zimesomwa na watu wanaoujua huu ugonjwa, usimsubirishe mtu. Kansa ya kawaida ya mrija ikitolewa ikaisha yote, wanaofika miaka mitano ni kama 20 hadi 40%, isipotolewa dawa zinasogeza muda kidogo tu: jaribio la ABC-02 la 2010 lilitoa wastani wa kuishi miezi 11.7 kwa dawa za kemo jemusitabini na sisiplatini, dhidi ya 8.1 kwa jemusitabini peke yake. Na zile adimu nazo karibu zote tiba yake ni kutolewa, ndo maana nyuroendokrini ya mrija huu mara nyingi inajulikana baada ya operesheni. Wenye nyuroendokrini ya daraja la chini huishi miaka mingi, ila habari zao tunazipata kwenye ripoti za mgonjwa mmoja mmoja, na anayeandikwa zaidi ni yule aliyepona, kwa hiyo tusizibebe hizo namba kama ahadi kwa familia.

Pale uvimbe hautolewi ndo nabadilika kabisa, hapo kinyama ni lazima kabla ya kemo yoyote, kwa sababu nyuroendokrini ina dawa zake, na kansa yenyewe siku hizi inapimwa jeni za FGFR2 na IDH1, zikikutwa na hitilafu kuna vidonge vyake.