Ajali za Makutano: Baada ya Neno "Uzembe"

Ripoti nyingi za ajali kwenye makutano ya barabara hufungwa kwa neno moja: uzembe. Dereva hakusimama, au hakutazama, basi faili linarudi kabatini. Kwa maoni yangu, hapo ndipo uchunguzi ungepaswa kuanza.

Wanaomlaumu dereva wana hoja nzito. Mwaka 2015 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ilichapisha kwamba katika ajali ilizozichunguza, sababu ya mwisho iliangukia kwa dereva kwa takriban asilimia 94. Takwimu hiyo imetajwa mno, na aghalabu vibaya. Ripoti yenyewe ilionya kwamba sababu ya mwisho ni tukio la mwisho tu katika mlolongo mrefu, na haimaanishi kwamba dereva ndiye aliyesababisha ajali.

Chukua taa ya manjano. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 kila sekunde. Mpe dereva sekunde moja ya kushtuka, kisha akanyage breki za kawaida, zisizomtupa abiria mbele: atahitaji kama mita 63 kusimama. Ikiwa manjano inadumu sekunde 3, ataweza kufika mstarini kabla ya nyekundu endapo tu yuko ndani ya mita 50. Aliyekutwa na manjano akiwa kati ya mita 50 na 63 kutoka mstarini hana chaguo zuri. Akipita ataandikiwa kosa, akifunga breki ghafla atagongwa nyuma. Kosa hilo lilipangwa na aliyetega saa ya taa.

Hata hivyo, siwezi kumsafisha dereva kwa hesabu hiyo. Anayekwenda kilomita 80 mahali pa 60 anahitaji zaidi ya mita 100 kusimama, na hapo mtego ameutanua mwenyewe. Mlevi na anayesoma ujumbe kwenye simu hawatetewi na mhandisi yeyote.

Gumu zaidi ni lile jibu la "sikumwona". Askari hulisikia kama uongo, lakini mara nyingine ni kweli tupu. Magari mawili yakielekea njia panda kwa mwendo usiobadilika, na yakiwa njiani kugongana, kila moja hubaki kwenye pembe ileile machoni pa dereva mwingine. Jicho hunasa kinachosogea, na hiki hakisogei. Nguzo ya pembeni ya kioo cha mbele inaweza kumficha mpanda baiskeli, hata gari zima, mpaka sekunde za mwisho. Kwa hiyo hata njia panda iliyo wazi kabisa, isiyo na mti wala ukuta, inaweza kuua.

Tutajuaje basi, ni mtu au ni mahali? Ajali moja haisemi mengi. Zichorwe ajali za miaka kadhaa kwenye mchoro mmoja. Watu tofauti wakigongana kwa pembe ileile, saa zilezile, mahali penyewe pameshatoa ushahidi. (Mwaka mmoja mbaya hautoshi, huenda mwaka unaofuata idadi ikashuka yenyewe, mtu akajisifia alama mpya aliyoweka.) Njia panda ya kawaida ya barabara nne ina sehemu 32 ambapo njia za magari zinaweza kukutana vibaya, mzunguko (kipilefti) wenye safu moja ya magari una 8, na mwendo ndani yake ni mdogo. Madereva ni walewale.

Kikwazo kikubwa, naona, ni kwamba anayechunguza ndiye anayetafuta wa kumshtaki. Katika usafiri wa anga, uchunguzi wa kiufundi hufanywa ili ajali isijirudie, na masuala ya lawama hushughulikiwa kando. Barabarani, dereva anayejua kila neno litamrudia mahakamani hunyamaza. Kwa hiyo haulizwi kamwe alikaa vipi kitini, kichwa chake kilikuwa wapi, na ile nguzo ilikuwa imefunika nini.