Uwanja wa Ng'ombe, Sikukuu ya Watoto

Ikifika wiki ya mwisho ya Juni hapa Newcastle, Uingereza, mvua ikinyesha hakuna anayeshangaa. Wenyeji husema hiyo ndiyo hali ya hewa ya Hoppings. Kwa Kiingereza cha watu wa kaskazini, hoppings zilikuwa ngoma na sherehe za vijijini, lakini siku hizi jina hilo limebaki kwa pembea, vigari vya kugongana, wapiga ramli na taa za rangi zinazojaa Town Moor, uwanja mkubwa wa wazi wa mji huu, kwa siku chache kila mwaka.

Mimi mtu wa mtaa wa Ng'ambo, mjini Unguja. Mwanzo niliyapita maonyesho haya kwa mbali, nikidhani ni mambo ya ulevi. Kumbe asili yake ni kinyume kabisa.

Tangu 1833 mbio za farasi za Northumberland Plate zilikuwa zikifanyika hapohapo Town Moor. Wachimbaji wa makaa ya mawe walizipenda mno, na wiki ya mbio ilikuwa wiki ya pombe na kamari. Kisha mbio zikahamia Gosforth Park. Mwaka 1882 watu waliokuwa wakipiga vita ulevi wakaandaa tamasha lao Town Moor, wiki ileile ya mbio, ili mchimbaji awe na pa kumpeleka mke na watoto badala ya kumaliza mshahara kilabuni. Palikuwa na michezo ya watoto, mashindano na bendi. Wenye pembea, wale wanaoishi kwenye magari yao wakihama mji hadi mji, wakafuata palipo na watu, na mpaka leo wanakuja.

Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka mama. Na yeye alitupeleka sikukuu uwanja wa Mnazi Mmoja, hukohuko Unguja, kwa sababu hiyohiyo, watoto wafurahi mahali pa heshima. Nguo mpya, viatu vinavyobana, hela za sikukuu tulizopewa nyumba kwa nyumba zimefungwa kwenye leso. Siku nne za Idi, na kila jioni tulirudi na puto, miwani ya plastiki na midomo myekundu kwa ubuyu.

Mwaka 2017 Idi ya baada ya Ramadhani iliangukia wiki ya Hoppings. Tulisali, tukala pilau, jioni nikawapeleka wanangu Town Moor, binti yangu kavaa gauni lake la Idi. Nilifurahi, siwezi kusema sikufurahi. Lakini kila pembea ina bei yake, na mzazi mwenye watoto watatu pochi inakwisha kabla jua halijashuka. Na hakuna aliyewapa mkono wa Idi. Nyumbani wasingefika uwanjani bila kusimamishwa na bibi wa jirani: "Njoo mjukuu wangu, chukua sikukuu yako." Kwa hilo nasema wazi kwamba sherehe yetu ni bora kuliko ya kwao.

Wanachotushinda ni uwanja.

Town Moor ina karibu ekari 1,000, tena ipo pembeni tu mwa katikati ya mji. Unatoka madukani, unatembea kidogo, unakuta ng'ombe wanakula majani. Ng'ombe hao ndio walinzi wake. Haki ya kulisha pale ni ya watu waitwao Freemen, wengi wao wameirithi kwa wazazi. Miaka ya 1770 wakubwa wa mji walitaka kukodisha sehemu ya uwanja ilimwe. Freemen wakapinga hadi mahakamani, na mwaka 1774 Bunge likapitisha sheria ya kuilinda haki yao. Mwaka uliofuata mwalimu mmoja wa hapahapa, Thomas Spence, akasimama kuhutubia kwamba ardhi ni mali ya watu wote wa mahali. Sheria nyingine ya Town Moor ikapitishwa 1988. Bila sheria hizo, ardhi ya thamani namna ile ingekuwa imejengwa zamani.

Ndiyo maana Hoppings huanguka ikainuka. Mwaka 2012 mvua kubwa ya Juni 28 iliikuta uwanjani, na 2013 pembea hazikuja. 2014 zikarudi. 2020 korona ikazizuia, nazo zikarudi tena. Zilirudi kwa sababu uwanja ulikuwapo unazingoja.

Nilipokwenda nyumbani mara ya mwisho niliwapeleka wanangu kuona kiwanja cha mtaani kwetu, pale tulipofungiwa bembea za kamba kila Idi. Nikakuta ukuta na geti. Watoto wa mtaa walikuwa wanacheza mpira ukingoni mwa barabara, wakipisha bodaboda. Nilimuuliza mzee mmoja kiwanja kilikuwa cha nani. "Cha watu wote," akanijibu. Hakuna karatasi iliyosema hivyo.

Mnazi Mmoja bado ipo, alhamdulillahi, na Kariakoo ya Unguja watoto bado wanapanda pembea. Lakini viwanja vidogo vya mitaani, vile mtoto anavyofika kwa miguu bila nauli, vinakwisha, na sisi tulio nje tunachangia: ni wengi tunaotuma fedha kununua viwanja bila kuuliza hapo kabla palikuwa na nini. Masheha, viongozi wetu wa mitaa, wanavijua vilivyobaki, kimoja kimoja. Viandikwe leo, mipaka ipimwe, na hati itamke kwamba ni vya watoto wa mtaa huo.